Kadi Sita na Frigo la Mama

Mpaka leo nikisikia feni ya kompyuta ikivuma kupita kiasi, damu inanichemka. Watu wanaoniletea mashini zao nizitengeneze wanadhani nimekasirishwa nao. Sivyo. Niliyemkasirikia ni kaka yangu mkubwa, na baada yake mama yangu, na sijui kama nitamaliza.

Tunaishi Uvira, upande wa chini, karibu na ziwa. Parseli yetu ni ua mmoja wenye nyumba mbili: yetu, na ile ndogo ya mpangaji wetu, fundi wa nguo. Mita ya umeme ni moja, na waya unaoingia ni mmoja, mwembamba, uliochoka tangu enzi za baba. Kwa sababu ya waya huo ua wetu una desturi yake. Hakuna anayechomeka kitu kikubwa kimya kimya. Fundi akitaka kupiga pasi anasimama mlangoni kwake na kuita, "Pasi!" Sisi tunachomoa jiko la umeme, au mama anazima frigo lake la kugandishia samaki kwa muda, ndipo tunamjibu, "Weka!" Akimaliza anaita tena kwamba ametoa. Wageni hucheka wakisikia. Wacheke tu, kwa desturi hiyo kwetu hakukuwahi kuungua kitu.

Frigo lenyewe lilikuwa lile la kulala, la kufunguliwa juu. Mama alilinunua baada ya baba kufariki, kwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, alizouza yeye mwenyewe. Asubuhi alipokea mikeke, samaki wakubwa kuliko dagaa, kutoka kwa wavuvi wa Kalundu, akaigandisha, akaiuza polepole kwa wenye migahawa na wenye sherehe. Nyumba ni ya ukoo wa baba, na ukoo huo haukuacha kumkumbusha. Hata viti vya sebuleni vilikuwa na wenyewe. Frigo peke yake ndilo lililokuwa lake, na alilipangusa kila siku kwa kitambaa ambacho hakuruhusu mtu akitumie kwa kazi nyingine.

Kaka yangu ni mfanyabiashara wa mchele. Siku za kazi yuko bondeni, Kiringye na vijiji vya jirani, ananunua kwa wakulima. Jumamosi anarudi nyumbani kwa pikipiki. Bujumbura, anakokwenda kuuza mchele wake, alikutana na watu waliomwambia kwamba kuna mashini inayochimba sarafu za mtandaoni huku mwenyewe umelala. Jumamosi moja akafika na fremu ya chuma na kadi sita za kompyuta, kuukuu, zimefungwa ndani ya magunia ya mchele. Aliniita, akaniambia nimesoma informatiki Bukavu kwa ajili ya siku hiyo.

Nilifurahi, kwa nini nidanganye. Kadi zile zilitengenezwa kwa ajili ya kuchora picha za michezo, halafu watu wakagundua kwamba zinaweza pia kupiga hesabu ndefu zisizoisha, na mtandao unakulipa vipande vya sarafu kwa hesabu hizo. Kinachokula faida ni umeme. Kwa hiyo akili yote ya kazi hii iko mahali pamoja: kupata hesabu zile zile kwa umeme mdogo kuliko wa jana.

Kadi inatoka kiwandani ikiwa na pupa. Ukiiacha ilivyo, inavuta umeme wote inaoupata, inachemka, halafu kule kuchemka kunaifanya ipunguze mwendo yenyewe. Nilizishughulikia moja moja. Nilishusha kwanza kikomo cha umeme, nikangoja, nikashusha tena. Kwa sarafu tuliyoichimba, mzigo ulikuwa kwenye kumbukumbu ya kadi zaidi ya kiini chake, kwa hiyo nilipunguza mwendo wa kiini na kuongeza wa kumbukumbu, kidogo kidogo, mpaka makosa yakaanza kujitokeza kwenye skrini. Hapo nilirudi nyuma kidogo, nikaiacha, nikaenda kuchambua maharagwe, nikarudi kuangalia. Kadi mbili zilifanana kila kitu, hata mikwaruzo, lakini moja ilivumilia chochote na nyingine ilizimika kila nilipoigusa, ikabidi nijifunze tabia yake kama ya mkwe mpya. Siku zile nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena kwa kazi yoyote.

Mwishowe mashini ilikula karibu nusu ya umeme iliokula mwanzo, na hesabu zilikuwa karibu vilevile. Taa za nyumba hazikufifia. Frigo la mama liliwaka na kupumzika kwa zamu zake kama kawaida. Fundi alipoita "Pasi!" nilisimamisha kadi, nikamjibu, naye akapiga pasi suruali zake kwa amani. Mashini ilikuwa imeshakuwa mtu wa ua.

Jumamosi kaka akaja. Kabla ya kuangalia skrini aliweka kiganja juu ya kadi, akakuta vuguvugu tu. Akauliza kama zimeugua. Nikamweleza. Nikamwonyesha hesabu za kabla na za baada, nikamwonyesha umeme wa kabla na wa baada. Alisikiliza kwa subira ile wanayomsikilizia mtoto anayesimulia ndoto, halafu akaniambia neno ambalo bado nalisikia.

"Miye nauzaka muchele, mudogo yangu. Kopo yenye haijae, ni wizi. Hizi kadi nililipa yote, zitatumika yote."

Ninaelewa lilikotoka. Bondeni, mtu akikupimia mchele kwa kopo lisilojaa, unamshika mkono mbele za watu. Na kinu cha kukoboa mpunga, kikiwa cha moto na kikipiga kelele, ndipo unajua kinafanya kazi. Kaka alikuwa amepima dunia nzima kwa kopo na kinu, na dunia ilikuwa imemkubalia. Kwake, kadi isiyovuma ilikuwa kopo nusu, na aliyelipunguza ni mimi. Akasukuma kila kitu mpaka mwisho. Feni zikaanza kulia. Taa ya sebuleni ikageuka rangi ya chai. Fundi akatoka kwake na futi shingoni kuuliza ni nani ameweka pasi bila kuita, na kaka akacheka akamwambia arudi ndani, hiyo ndiyo sauti ya faida.

Ilikuwa sauti ya joto. Hesabu ziliongezeka kidogo mno, na nilimwonyesha hilo pia. Akaniambia nina woga wa wanawake.

Basi akiondoka nilirudisha mipangilio yangu, naye akija aliiharibu. Tungeweza kuendelea hivyo miaka, lakini mtu fulani akamwekea kwenye simu programu ya kuangalia mashini akiwa mbali. Akaona kutoka Kiringye jinsi umeme ulivyoshuka dakika chache baada ya yeye kuvuka lango. Jumamosi iliyofuata hakunisalimia. Aliketi kwenye kiti cha baba, akamwita mama, akaniita mimi, akasema ndani ya nyumba hii kuna mtu anayemhujumu.

Nilisema yote niliyokuwa nayo. Nilizungumza na mama zaidi kuliko na kaka, maana kilichokuwa hatarini kilikuwa cha mama. Nilimweleza kwamba mota ya frigo inahitaji nguvu pale inapoanza, na waya ukishanyonywa na kadi, mota itasukuma bila kuzunguka mpaka iungue. Ile mashini haisimami mlangoni ikaita kama fundi. Inavuta tu, mchana na usiku.

"Mama," nilisema, "hii mashini itakuulia frigo yako."

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema frigo ni lake, mimi linanihusu nini. Nimpe kaka yangu neno la siri la mashini, nisiiguse tena, na nimwombe msamaha, kwa maana yeye ndiye aliyeshika nafasi ya baba.

Niliomba msamaha. Nikiandika hapa bado meno yananiuma jinsi nilivyoyakaza. Kinachoniumiza ni kwamba nilikuwa ninamtetea yeye, na yeye ndiye aliyenifunga mdomo.

Baada ya hapo nilifanya nilivyoambiwa. Sikuigusa. Nilipita mbele ya chumba kile nikisikia kadi zikikoroma, na kila frigo lilipotaka kuwaka nilisimama nikahesabu pumzi. Mara nyingi liliwaka. Lilichelewa, lilitetemeka, halafu liliwaka.

Lilishindwa mchana mmoja wa jua kali, likiwa limejaa mikeke ya harusi. Bibi arusi alikuwa binti wa jirani, na mama alikuwa ameagizwa samaki wa sherehe nzima; alikuwa amewapanga ndani kwa ukubwa, vichwa upande mmoja. Nilikuwa uani nikifua. Nikasikia mota ikiguna bila kuzunguka, ikinyamaza, ikiguna tena. Nilikimbia nikachomoa kadi zote kwa mkupuo, wala sikukumbuka kwamba nilikatazwa. Taa ikarudi nyeupe papo hapo. Frigo likaguna mara moja zaidi, kisha ikatoka harufu ya waya ulioungua, na basi.

Mama alikuja akaweka kiganja juu ya mfuniko. Hakuufungua, ili baridi iliyobaki isitoke. Kisha akaniambia nikaazime chanja za kukaushia samaki.

Tulibanika kutwa nzima, ua ukajaa moshi, fundi akatoa nguo za wateja wake kwenye kamba bila kulalamika. Tuliowaokoa tuliwaokoa. Wenye harusi walinunua kwingine, na hawakurudi tena kwa mama kuagiza. Kaka alipofika alizunguka lile frigo, akaligonga kwa kidole, akasema lilikuwa limezeeka. Hakusema pole. Nilimsubiri aseme, nikasimama pale makusudi ili asikose mtu wa kumwambia, akaniomba maji ya kunawa.

Kadi aliziuza yeye mwenyewe baadaye, akisema biashara ile imeharibiwa na Wazungu. Na baada ya mavuno akaleta frigo jipya juu ya mkokoteni, majirani wote wakitazama. Lina kidude cha kuzungusha chenye namba, moja mpaka saba. Akaliingiza ndani, akalichomeka bila kumuuliza mtu kama kuna pasi, akazungusha kidude mpaka saba. Mama akamshukuru kwa mikono miwili.

Pikipiki yake ilipoacha kusikika, mama aliinama akazungusha kidude mpaka nne.

Nilidhani macho yananidanganya. Akaniambia, kama anayezungumzia chumvi, kwamba kwa nne samaki wanaganda vizuri na mota inapata kupumzika. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema si mimi nilikuwa nasema hivyo kila siku kuhusu zile kadi, yeye ana masikio. Ndipo hasira ikanipanda ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwa kaka. Nilimuuliza kama alinielewa siku ile sebuleni. Akasema alikuwa ameelewa kabla ya siku ile, taa yake mwenyewe ilikuwa inakufa mbele ya macho yake.

"Juu ya nini haukusema?"

"Akinuna, atarudi lini?" mama akajibu. "Ile ukoo ya baba yako iko inaangalia tu kama yeye iko anaingiaka hapa. Akiacha, itatufukuza."

Jibu lake halikunipunguzia hasira. Tangu hapo Jumamosi zetu zina utaratibu. Mama anasikia pikipiki ikipanda kutoka barabarani, anafuta mikono, anainama, anarudisha kidude kwenye saba. Kaka anaingia, anaangalia, anaridhika. Akiondoka, nne. Mama anafanya hivyo bila haraka wala aibu, na nikikumbuka maisha ya baba na mama naona mikono ile ile ikifanya kazi ile ile, kwa vitu vingine.

Jumamosi iliyopita pikipiki ilisikika mama akiwa ameketi anapara mikeke, mikono imejaa magamba na damu.

"Weka kwa saba," aliniambia.

Nilikwenda mpaka kwenye frigo. Nikainama. Nikaweka kidole kwenye kidude, nikakiacha pale pale kwenye nne, nikasimama.

Kaka aliingia, akafungua mfuniko kabla ya kuangalia kidude, ile baridi ikampiga usoni, akafurahi. Akaingiza mkono, akatoa mkeke mmoja mgumu kama kuni, akaugonga ukingoni tuusikie.

"Munaona?" akasema. "Saba njo saba."

"Iko kwa ine, Yaya," nilimwambia kaka. "Iko kwa ine tangu siku ulileta."

Kisu cha mama kikaacha kupara. Kaka aliinama polepole kuangalia kidude, samaki bado mkononi. Kutoka ng'ambo ya ua fundi akaita, "Pasi!" Akangoja, akaita tena. Hakuna kati yetu watatu aliyemjibu.