Dirisha la Mke wa Fundi

Watu wa mtaani walimwita Mzee Timazi, kwa ule uzi wenye chuma wa kupimia kama ukuta umesimama wima, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa fundi mwashi, na ukuta aliousimamisha yeye hukuwa na haja ya kuupima mara ya pili. Enzi hizo mtaa wenyewe ulikuwa wa nyumba za chini, kila moja na kiuanja chake na kamba yake ya kuanikia nguo. Wenye viwanja wakauza, mmoja baada ya mwingine, yakaja maghorofa, na mengi kati ya hayo maghorofa yalipitia mikononi mwake. Alisomeshea watoto, aliozeshea, wala hakuwahi kujiuliza watu wote wale wanaohamia watapumulia wapi. Mwanamke mmoja aliwahi kumwita kutoka dirishani akimwomba asijenge karibu kiasi kile, naye akamjibu huku mwiko mkononi, "Mama, mimi nafuata ramani." Akaendelea na kozi yake, ule mstari wa matofali aliokuwa akiupanga.

Sasa uzeeni alikuwa akiishi ndani ya mojawapo ya majengo hayo, ghorofa ya tano, kwa binti yake. Vyumba viwili na jiko, watu saba: yeye na mkewe, binti na mumewe, na wajukuu watatu. Jengo hilo peke yake lilikuwa na kaya hamsini na mbili, mahali ambapo zamani mtaa mzima haukufikisha arobaini. Shule ilibaki ileile moja, watoto wakaanza kuingia kwa zamu, wa asubuhi na wa mchana. Maji yalipanda ghorofa ya tano mara mbili kwa wiki, tena yakijisikia. Jirani akipiga chafya upande wa pili wa ukuta, unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Lifti haikuwepo. Palikuwa na tundu la lifti tu, limezibwa kwa mbao, na watu walishazoea kutupia humo chupa.

Mkewe alipigwa na kiharusi kikamchukua upande mzima wa kulia. Siku aliyotoka hospitali, wanaume wanne walimpandisha ngazi akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, wakipumzika kila ghorofa, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Ulikuwa mwaka mmoja na miezi minane. Mwanamke huyu si wa kuchezewa, nakwambia. Siku za mwanzo za ndoa yao, kabla ya watoto, ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe uzi wa kujengea na kumchotea maji ya kuchanganyia udongo. Leo alikuwa wa kugeuzwa kitandani kama mtoto mchanga, na maneno yake yalitoka machache, tena kwa taabu.

Kilichombakia ni dirisha. Chumba kile kingine dirisha lake lilitazama ujia wenye giza, kwa hiyo ukisema dirisha katika nyumba ile, ni hilo moja. Kitanda kilisogezwa hadi chini yake, mgongo wake ukainuliwa kwa mito mpaka akaona nje. Pembeni ya jengo ilibaki nyumba ya mwisho ya chini mtaani pale, ya mjane mmoja, na juu ya paa hilo mama huyu mgonjwa aliiona barabara. Aliona kinyozi akifungua kibanda, akaona watoto wa mchana wakipishana na wa asubuhi kwenye geti la shule. Aliwaona pia mtu na mkewe wa ghorofa ya tatu, waliokuwa wakishuka kwenda kugombania barabarani kwa sababu ndani wangesikika zaidi. Hao walimchekesha sana. Jua lilipofika kwenye mguu wa kabati alijua ni saa ya dawa, wala hakuhitaji kuambiwa.

Mjane akafariki. Watoto wake hawakumaliza hata matanga vizuri, wakauza. Nyumba ikabomolewa kwa siku mbili, na likaanza kupanda jengo la ghorofa saba, umbali wa mita moja na kidogo kutoka dirishani.

Mzee Timazi alihesabu. Fundi hawezi kujizuia kuhesabu. Alijua kozi ngapi zinapanda kwa siku, zege linakaa siku ngapi, na kwa hiyo alijua tangu mapema ni wiki gani dirisha la mkewe litafunikwa. Kila jioni mama alimuuliza, "Leo wamefika wapi?" Naye mwanzoni alidanganya kidogo, akipunguza kozi mbili tatu, mpaka siku moja mama akamwambia, "Mimi ni kiwete. Si kipofu."

Basi Jumatatu moja akapiga moyo konde, akashuka zile ngazi kwa magoti yake mabovu, akaenda ofisi za halmashauri. Alikaa kwenye benchi kutwa nzima. Mkaguzi wa majengo alikuwa dada wa makamo, mpole, na upole wake ndio uliomuumiza zaidi.

"Baba, kibali kimeshatoka, kina mhuri," alimwambia.

"Na ile nafasi kati ya jengo na jengo?"

"Kwenye karatasi ni mita tatu. Walitozwa faini, wakalipa, yakaisha."

"Mke wangu amelala pale, mwanangu. Halioni jua mahali pengine popote."

Dada yule alivua miwani, akasugua macho. "Ningekuwa nasimamisha majengo kwa ajili ya madirisha, baba, mji wote ungesimama. Ninachoweza kusimamisha ni hatari. Nikikuta ukuta umepinda, hapohapo napiga alama nyekundu, kazi inasimama. Nitapita Alhamisi kukagua. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Hapo Mzee Timazi akaaga, akaondoka. Alizijua alama nyekundu. Mtaani kwake palikuwa na majengo mawili yaliyopigwa alama hiyo, na yalikuwa yamekaa miaka sita bila kuongezwa tofali hata moja, kesi zinapigwa danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine. Miaka sita kwa mgonjwa kama mkewe ni umri mzima.

Jumatatu hiyo, alipopanda na kupata pumzi, alilalia kifua kwenye kizingiti cha dirisha, akafumba jicho moja, akaushusha ukuta kwa jicho la pili kama alivyofanya maisha yake yote. Kuanzia zege la ghorofa ya nne kwenda juu, ukuta ulikuwa umelala kuja kwao. Mtu wa kawaida asingeona kitu. Yeye aliona.

"Mke wangu," alimnong'oneza, "wameharibu. Umetoka timazi. Alhamisi mkaguzi akija, kazi imesimama."

Mama alimtazama muda mrefu, bila kutabasamu. Kisha akasema, "Nyamaza tu."

"Aa, mimi? Najitia hamnazo. Sioni, sisikii."

Na kweli Jumanne nzima alijitia hamnazo. Aliketi akimpepea mkewe, akiimba chini kwa chini, mpaka wajukuu wakaulizana babu kapatwa na nini. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ya mjane ibomolewe, binti alimkuta baba yake amekula akamaliza, na alipouliza akanong'onezewa siri.

Sasa upande wa pili, fundi aliyekuwa akijenga ukuta ule alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, wajukuu walimwita Kofia kwa sababu ya kofia yake ya bluu iliyochanika ukingo. Mtu wa adabu. Kila asubuhi, kabla ya kushika mwiko, aliita ng'ambo ya pili, "Shikamoo mama," na mama alimnyanyulia mkono wa kushoto. Humchukii mtu kama huyo, hata ungetaka.

Jumatano asubuhi Kofia aliinama juu ya ukuta wake akasema, "Mzee, nasikia ulikuwa fundi."

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima. Nisaidie jicho, mzee wangu. Nafasi hii ni finyu, jukwaa haliingii huku nje. Najenga nikiwa ndani, uso wa nje siuoni kabisa. Nitakushushia timazi, wewe nisomee."

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana asiyekaa na waashi hatalielewa. Mwashi anaweza kukudanganya atamaliza lini, akakudanganya mifuko ya saruji iliyoingia, hata akamdanganya mkewe alikolala. Lakini mwashi akimshushia mwenzake uzi wa timazi na kumwomba asome, huyo anayesoma anasema anachokiona. Hilo halina utani wala urafiki. Watu wameachana na mabosi, ndugu wameharibiana kazi, lakini uzi ukishashushwa, unasomwa kama ulivyo. Mzee Timazi alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na saba, na yeye akawafundisha hivyo wengine wasiohesabika.

Uzi ukashuka. Lile tone zito la chuma likawa linabembea mbele ya pua yake, akalituliza kwa ncha za vidole. Miaka tisa alikuwa hajagusa timazi. Akanyoosha mkono, akapima nafasi kati ya uzi na tofali juu, kisha chini.

"Umetoka vidole viwili," alisema. "Unalala huku kwetu."

Ulimi ulishateleza. Hata yeye mwenyewe alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine.

"Mungu wangu," Kofia alisema polepole. "Na mkaguzi ni kesho. Nifanyeje, mzee?"

Na hapa ndipo ninapomkasirikia. La kwanza namsamehe, lilimtoka. Lakini bado angeweza kusema shauri yako, akavuta pazia, akaketi na mkewe. Ukuta wa kubomoa na kujenga upya kwa siku moja unataka anayeuona kwa nje, na Kofia peke yake asingeuweza. Wapi! Yule mzee alishakunja mikono ya shati. "Shusha mpaka kozi ya pili juu ya zege," aliamuru. "Udongo wako ulikuwa mwepesi, ukabebesha juu kabla haujakaza. Punguza maji. Funga uzi kona kwa kona, mimi nitakusomea kila kozi." Akakaa dirishani kutwa nzima, kiwiliwili nusu nje, mgongo kwa mkewe, akiita kushoto kidogo, rudisha, hapo hapo, gonga. Chai ilipoa. Saa ya dawa ikapita. Magoti hayakumuuma hata mara moja, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwamba alikuwa na furaha.

Jua lilipokuwa likienda zake, Kofia alishusha uzi mara ya mwisho. Ukalala sambamba na ukuta juu hadi chini, huingizi hata karatasi.

"Ahsante, mzee. Umeniokolea mkate wangu."

Mzee Timazi akageuka akitabasamu, na ndipo akamwona mkewe. Alikuwa macho, anamtazama. Kikombe cha maji ambacho hakuweza kukifikia kilikuwa pale pale alipokiacha asubuhi. Aligeuza uso, upande uleule mmoja aliouweza, akatazama kabati.

Mzee alikaa chini sakafuni. Binti alirudi kazini, akasikia habari yote kutoka kwa wajukuu, akasimama mlangoni na mkoba begani. "Baba," alisema, "si ulisema mwenyewe utanyamaza?" Aliingia jikoni, na wote wakamsikia akilia huku amefungulia bomba lisilokuwa na maji.

Alhamisi mkaguzi akaja. Alipanda mpaka juu, akaweka pimamaji yake, akashusha uzi wake, akapima tena. Sauti ilifika dirishani bila taabu. "Ukuta mzuri huu. Siku hizi siuoni ukuta kama huu." Kofia, kwa moyo safi kabisa, akanyoosha kidole ng'ambo. "Nilielekezwa na mzee yule." Dada yule alitazama, akamtambua, macho yao yakakutana. Alishika kalamu muda kidogo bila kuandika. Kisha akatia sahihi, kwa sababu hakukuwa na cha kumzuia asitie.

Dirisha lilikuwa la kozi sita. Jumamosi zilipanda tatu, na kinyozi na geti la shule vikaenda. Jumatatu zilikuwa tatu za mwisho. Kofia alijenga bila kuimba siku hiyo. Kabla ya tofali la mwisho aliinama akasema, "Mama, nisamehe, kazi tu," na mama akanyanyua mkono wa kushoto, kwa sababu alilelewa kujibu salamu. Tofali likakaa. Saa nne ya asubuhi binti aliwasha taa.

Walibaki wawili. Mzee Timazi alimpa dawa kwa kutazama saa ya simu, akamfuta mdomo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Tangu Jumatano mkewe alikuwa hajamsemesha, na alikuwa ameshajiandaa kwa lolote, hata matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili.

"Mimi niliuona," mama alisema. Maneno yalitoka moja moja. "Ule ukuta. Wiki nzima kabla yako."

Mzee akainua kichwa. "Uliuona umepinda? Kwa nini hukuniambia?"

Mama alichukua muda kukusanya sauti yake. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa huruma, kama mzima anayemtazama mgonjwa.

"Ungemwambia yule kijana," alisema.

Mzee Timazi alikuwa ameshatega sikio. Nje, upande wa pili wa ukuta, Kofia alikuwa akigonga matofali ya kozi inayofuata.