Kamba ya Nguo ya Jirani

Hasidi hana sababu, lakini mimi nilikuwa nayo, na ilianikwa uani mbele ya macho yangu kila siku ya Mungu. Tulikuwa tumepanga nyumba mbili ndani ya kiwanja kimoja, lupango kama tunavyosema Lubumbashi, katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa mji huo. Bomba letu lilikuwa moja, uwanja mmoja, choo kimoja. Mume wangu alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba. Mume wa jirani alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, na mke wake ndiye mwanamke niliyemwonea wivu kuliko mwingine yeyote maishani mwangu. Nasema wazi kwa sababu nimezeeka, na aibu nayo imezeeka pamoja nami.

Hakunizidi sura. Vikwembe vyangu, vitenge vya kujifunga, vilikuwa vizuri kama vyake, na sote wawili tulikuwa tumejifungua mwezi mmoja, yeye wa kike, mimi wa kiume. Alinizidi kufua.

Kwangu nguo chafu zilikaa katika rundo moja nyuma ya mlango: bluzi za mume, mavazi yake ya kiwandani, zilizojaa vumbi la kazini, shuka, nepi, na abakosti yake, ile suti isiyovaliwa na tai, ya kwenda kuandamana siku za Chama. Nilifua rundo liliponikera. Siku nyingine nilikuta sabuni imekwisha, siku nyingine maji yamekatika, na siku nyingine upepo uligeuka ukaleta moshi wa kiwandani, nikaanua mashuka yenye madoadoa ya masizi nikayarudisha katika beseni huku nikitukana. Yeye alikuwa na vikapu vitatu chini ya dirisha, cha nguo nyeupe, cha nguo za rangi na cha nguo za kazi. Jumatatu alifua nyeupe, Jumatano za rangi, Alhamisi kanzu ya mumewe ya kwenda nayo msikitini Ijumaa. Jioni ya kuamkia kufua, nguo zilikuwa tayari zimelowekwa. Asubuhi alitoka kwanza akatazama moshi unaelekea wapi, ndipo akaanika. Saa nne kazi imekwisha, mama amekaa kivulini anapepeta mchele. Mimi saa nne nilikuwa bado natafuta soksi ya pili.

Ningeyavumilia yote hayo kama si mume wangu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na macho. Siku moja alirudi kutoka kazini, akasimama uani, akaitazama kamba ya nguo ya jirani, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimeinama juu ya beseni.

“Ona kwa mwenzako,” akasema. “Bilamba yote imeisha kukauka. Kwetu beseni iko inje asubui, iko inje magaribi.”

Alicheka, akaingia kula. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kanzu ile ikipepea Alhamisi niliona kama inanizomea, na nilimwomba Mungu, nikiwa nimetoka misa, amwangushie kunguru mwenye tumbo la kuhara.

Kuuliza si ujinga, na kwa hakika angenieleza, maana alikuwa mtu mpole. Upole huo ndio hasa ulionizuia. Nimwambie nini? Nifundishe, mama, mume wangu anakusifu? Bora nife na rundo langu. Nikaamua kumwibia ujuzi kwa macho. Nilivuta kigoda hadi mlangoni, nikajifanya nachagua maharage, na kwa majuma mawili nikamchunguza. Nilinunua vikapu vitatu. Nikapanga siku. Nikajifunza kuutazama moshi. Yote yalikwenda vizuri, isipokuwa kitu kimoja ambacho kiliendelea kunilia nusu ya mchana: pasi.

Kila mama wa kwetu anajua habari ya pasi. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kambani, na mtu akiivaa nguo hiyo kabla haijapigwa pasi ya moto, yai linaanguliwa na funza anaingia katika ngozi. Mama yangu alipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Mimi nami nilipiga: nijaze makala, yaani makaa, nipulize, nipige nepi moja moja pande zote mbili, moshi machoni, mtoto analia mgongoni. Lakini jirani yangu sikumwona hata siku moja na pasi mkononi. Aliziondoa nguo kambani, akazikunja palepale, akaziweka kikapuni, akafunika kwa kikwembe, akaingia nazo ndani. Basi nikajiambia, kumbe siri yenyewe ni hii! Hapigi pasi mwenzangu. Na mtoto wake si mzima, mnene, anacheka?

Nikaacha kupiga pasi nepi. Shati na suruali za mume nilipiga, kwa kuwa zilionekana. Siku hizo nilitembea uani shingo juu. Saa nne nami nilikuwa nimekaa kivulini. Mume wangu alirudi akakuta uwanja mtupu, akasema, “Aa, leo njo kazi!” Nikafurahi mno, na furaha ilikuwa tamu zaidi kwa sababu nilihakikisha jirani yuko mlangoni na amesikia.

Kisha mtoto akaanza kulia. Alilia mchana kutwa, hataki ziwa, hataki kubebwa. Nilipomvua nikaona vipele vyekundu kiunoni na matakoni, vimevimba, kila kimoja na kitundu katikati. Nikakibonyeza kimoja na kitu kikacheza ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu haikuwa methali. Nilipiga kelele.

Jirani alikuja mbio, mikono bado ina sabuni ya vyombo. Alitazama mara moja tu.

“Lete mafuta ya ngazi,” akaniambia. “Usimubonyeze vile, mama. Utamuumiza bure.”

Nikamletea mawese. Akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, akapaka mafuta mazito juu ya kila kipele ili funza wakose hewa, akasubiri. Walipotokeza vichwa, akawakamua mmoja mmoja kwa vidole viwili, akiimba kidogo. Nilishika miguu ya mtoto, nikilia. Na hata wakati ule, Mungu anisamehe, niliona kwamba mwanangu amenyamaza mikononi mwake, na moyo ulinichoma.

Alipokuwa anamalizia aliuliza polepole, “Bilamba ya mutoto haukupitisha ku pasi?”

“Wewe unapigaka pasi?” nikamuuliza.

Alishangaa. “Kila asubui, mama. Nikimaliza kusali, mbele ya jua kutoka, makala ya chai ingali na moto. Napigia mule ndani.”

Saa hiyo mimi huwa bado nimelala. Papo hapo mume wangu aliingia akitokea kazini, akamwona mtoto, akaona funza juu ya kitambaa. Uso wake ukabadilika. Hakuwahi kunipigia kelele mbele ya mtu, lakini siku hiyo alipiga.

“Nani alikuambia kuvalisha mutoto bilamba bila pasi? Nani?”

Niliogopa. Nikanyoosha kidole.

“Ni yeye,” nikasema. “Ni yeye alinifundisha.”

Jirani yangu alikuwa bado amempakata mwanangu, vidole vyote vimejaa mawese. Alinitazama. Nilingoja anivue nguo mbele ya mume wangu kwa kusema kweli, na ilikuwa haki yake. Akainamisha kichwa.

“Njo vile, baba,” akamwambia. “Nilimuelezea mubaya. Kosa iko yangu. Unisamehe.”

Mume wangu alimjibu kwa ukali, maneno ambayo hayakumstahili, naye akayapokea yote. Kisha akanirudishia mtoto, akanawa mikono bombani, akaenda kuanua nguo zake. Nilibaki nimesimama mlangoni na mwanangu begani. Nilipaswa kumshukuru, au kumfuata, au kusema kweli. Sikufanya hata moja. Nilimtazama akikunja kanzu ya mumewe, nikamwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu mimi, kwa ajili yake, nisingeweza kubeba kosa lisilo langu.