Kaka Elia na Meza ya Bwana

Sogeza kiti, mwanangu, miguu yangu leo hainibebi. Nakumbuka Jumapili moja, mie bado msichana, tunakaa Segerea. Waumini walikuwa wakienda mbele kupokea meza ya Bwana. Kaka yangu Elia akainuka, akatoka nje.

Elia alikuwa dereva wa lori. Alilewa Sinza, akashika usukani hivyohivyo, akamgonga mtoto wa watu kule Temeke. Neema, mtoto wa pekee wa mama yake. Akafa. Elia akafungwa, akatumikia kifungo, akarudi nyumbani. Lakini alikuwa akilala sakafuni na kitanda kipo. Akafunga kula mpaka suruali zikawa zinamvuka. Mama alilia hadi akachoka. Sie wengine tulidhani ndiyo toba.

Jumapili ile mchana akaja baba mdogo Zakaria, mzee wa kanisa, akamkuta kalala kwenye saruji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Elia, utajiadhibu mpaka lini?"

"Mpaka itoshe."

"Haitatosha. Ukifia hapo, mtoto hafufuki na dhambi yako iko palepale. Ndiyo maana Mwana-Kondoo alitolewa, mara moja tu. Au unaona damu yake ilipungua, wewe unaongezea?"

Elia akalia kama mtoto. "Basi nisifanye kitu?"

"Nenda kwa mama yake. Hujawahi kwenda."

"Naogopa."

"Najua. Vaa viatu, twende."

Mama Neema alifungua mlango, Elia akapiga magoti. Yule mama akamtazama, jamani, alimtazama! Kisha akasema, "Kusamehe sijaweza. Ila kaa." Hata maji hakumpa.

Elia akawa anarudi. Akamzibia bati linalovuja, akampeleka hospitali alipougua. Siku nyingine nilifuatana naye. Yule mama hakuwa akicheka nasi. Miaka ikaenda. Siku moja, anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Elia, nimechoka kukuchukia. Mungu alishakusamehe. Na mie nakuachia. Nenda kapokee meza ya Bwana."

Akaenda, akapokea. Na hata baada ya hapo aliendelea kumlilia Neema, mpaka tulipomzika mwenyewe.

Nimezeeka, mwanangu, nimechoka, maneno mengi sina. Dhambi usiifanye jambo dogo. Ilimgharimu Kristo uhai wake. Ila ukishatubu, usijitundike msalabani. Pale alishatundikwa aliyeweza kutuokoa, wewe huwezi. Inuka, nenda kwa uliyemuumiza. Usiende kununua msamaha, maana ulishanunuliwa. Nenda kwa sababu anaumia. Akikufungia mlango, usimlaumu. Mwombee, urudi siku nyingine.

Bwana akuoshe, mwanangu. Akuinue pale utakapolala chini kwa aibu, na akupe miguu ya kwenda kule unakoogopa. Amina.