Mshauri Asiyesalimia

Mshauri wa waraibu wa pombe pale Rusimbi hufuta ubao kwa kiganja, kisha hujipangusa kwenye suruali, ndiyo maana kila Alhamisi paja lake la kulia huwa jeupe kwa chaki. Sauti yake haipandi. Huchora ini, halafu huwaeleza kwamba mwili hutumia muda wake kuimaliza gongo, na chai ya rangi haiuharakishi.

"Na supu ya samaki kuhe?" huuliza Heritier, mvuvi.

"Hata ya kuhe, kaka."

Mama Nickson, mjane wa mwalimu mkuu, humleta mwanawe na kuketi nyuma, kitenge amekishusha hadi kwenye nyusi. Siku ya kwanza mshauri aliwaambia wote, "Tukikutana mjini, mimi siwajui mpaka mnisalimie ninyi."

Jumamosi iliyopita walikutana sokoni Ujiji. Mama Nickson alikuwa na wifi yake, ambaye hajui lolote kuhusu Nickson. Mshauri alipita karibu nao kabisa, macho kwenye mafungu ya dagaa, asiwaamkie.

"Kijana huyu hakufunzwa kwao," wifi alisema, naye mshauri akasikia. Akaendelea na safari. Mama Nickson aliuliza bei ya dagaa.

Alhamisi Mama Nickson alimkuta mshauri mlangoni, chaki mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Na ile ya Jumamosi, shikamoo."



"Marahaba, mwanangu."