Mama Aliyeniambia Nikae

Wapo watakaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Wapo watakaosema nililewa, na mimi pombe sijaionja tangu nibatizwe, muulize yeyote pale Ihanda. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, macho yangu yakiwa wazi, enzi za Mwingereza, nilipokuwa boi wa mezani katika meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika.

Usisikie meli ukadhani raha. Raha ilikuwa ya Wazungu waliopanda kutembea tu, kutazama milima na viboko na kunywa chai chini ya turubai. Sisi tuliamka kabla ya jogoo. Ung'arishe viatu vyao, upeleke maji ya moto vyumbani, uandae meza, uondoe, uoshe, uandae tena. Ziwa likichafuka, abiria analala, wewe unabeba supu. Ikimwagika, ole wako. Tulilala jirani na tanuri la injini, joto la kuivisha muhogo. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: boi hakai. Ukishavaa kanzu nyeupe, hukai, hata chumba kikiwa kitupu. Miguu yangu ilivimba mpaka nikasahau ilivyokuwa zamani.

Hata hivyo niliipenda kazi ile, niamini. Nilikuwa na wenzangu wa kucheka nao, na nyumbani walijivunia.

Basi nikapata likizo. Nikashuka bandari ya Mpulungu, nikadandia lori la mfanyabiashara mpaka Tunduma. Usiifikirie Tunduma ya leo. Vilikuwa vibanda vichache na upepo mwingi. Nikalala kijijini Mpemba kwa shangazi yangu, na asubuhi nikajitwika mzigo kwenda kwetu Ihanda kwa miguu. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umelala barabarani kama blanketi.

"Ngoja ukungu uinuke kidogo, baba," shangazi alinisihi.

Ningengojaje, na mama yangu sijamwona muda wote ule?

Nilitembea mpaka miguu ikaanza kuwaka moto. Hapo ndipo nikasikia sauti pembeni ya njia.

"Karibu, mwanangu. Umechoka."

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya nyasi. Njia ile nimeipita tangu utoto, na nyumba ile sikuwahi kuiona. Mbona sikushtuka? Hata mimi hujiuliza. Alipotamka tu neno "umechoka", uchovu wote ulinitoka, kama mtu aliyevuliwa nguo iliyolowa.

Akanitua mzigo. Mkubwa kama yule, ananitua mimi mzigo! Akanisogezea kigoda.

"Kaa."

Nikakaa. Akaninawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaniletea ugali wa ulezi na maharage katika bakuli la mti, kisha akasimama pembeni yangu, kama mimi nilivyosimama pembeni ya Wazungu. Nilikula huku machozi yakinilengalenga. Utamu wa chakula kile siwezi kukueleza.

Macho yangu yalipozoea giza la ndani, niliona sikuwa peke yangu. Wanaume walikuwa wamekaa wameegemea ukuta, kila mmoja na mzigo wake ubavuni. Walikuwa wanatabasamu. Hakuna aliyepepesa macho.

Je, niliogopa? Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Niliwaza tu kwamba ukutani bado kuna nafasi.

"Mwanangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita," yule mama alisema taratibu. "Hakurudi. Sasa kila abebaye ni wangu. Kaa, baba. Hapa hakuna kazi tena."

Nilitaka kukaa, sikufichi. Lakini bakuli lilikuwa tupu, na mikono yangu, kwa mazoea ya miaka ile, ililiinua yenyewe, na mimi nikainuka nalo.

"Acha vyombo," akasema.

"Mama, hakuna aliyewahi kunihudumia hivi. Niruhusu nikuoshee hiki kimoja tu."

Akageuka kuwatazama wale wa ukutani.

"Wote hawa nimewalisha," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Haya, nenda. Kijito kipo hapo chini."

Nikashuka, nikainama, nikaosha. Maji yalikuwa baridi kama chuma. Nilipogeuka kumrudishia, mikononi sikuwa na kitu. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na nyasi ndefu na mawe, na juu ya jiwe moja mzigo wangu umetuliwa vizuri.

Hapo sasa nilikimbia!

Nilipomsimulia mama yangu, alishika mdomo.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ukakaa?"

"Nikakaa, mama."

Akaketi chini palepale. Ndipo akanieleza kuwa pale paliishi mjane, na mwanawe wa pekee alichukuliwa kwa uchukuzi wa mizigo katika vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mjane yule alilisha kila mchukuzi aliyepita, akiuliza habari za mwanawe, mpaka akafa. Tangu hapo wasafiri walikutwa wamekaa juu ya mawe yale, wamekufa. Wa mwisho alikuwa muuza chumvi kutoka Ivuna, chumvi yake ubavuni, anatabasamu. Kisha mama akafuta machozi, akacheka, akanichinjia jogoo.

Nilirudi melini, nikafanya kazi mpaka nikaota mvi, na kwa furaha. Miguu haikuvimba tena. Wenzangu waliniuliza natumia dawa gani. Ila tangu siku ile hakuna ugali ulionikolea, hata wa mke wangu, na yeye anajua sababu na amenisamehe. Na jioni, nikiwa nimechoka sana, huwa nasikia mtu ananiambia nikae.

Nawe ukipita kati ya Mpemba na Ihanda wakati wa ukungu, ukakaribishwa na sauti inayokuondolea uchovu kabla hujatua mzigo, usimtukane yule mama. Hana ubaya. Mshukuru, mwambie unangojwa nyumbani, na uendelee kutembea. Miguu ikianza kukuuma tena, mshukuru Mungu: bado uko njiani.