Zambarau Siku ya Posa

Jamani, mimi niliwahi kumpaka rangi baba mkwe wa dada yangu siku ya posa, tena si yeye peke yake, niliupaka ukoo mzima, na mpaka leo nikipita sokoni Babati wapo akina mama wanaoniangalia mikono kwanza ndipo wanaitikia salamu. Niliona haya miaka mingi, sasa nimeshaizoea aibu yenyewe, naweza kuisimulia hata nikiwa nakula, kwa hiyo sogeeni.

Ilikuwa enzi zile mkoa wetu wa Manyara bado mpya, ofisi zinanukia rangi, na sisi tumehamia mtaa wa Bagara, hapo Babati, kutoka Same kwa sababu baba alipata kazi kwenye hizo ofisi. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kemia pamoja na ile sayansi ya uchunguzi wa makosa ya jinai, mambo ya alama za vidole, matone ya damu, nyuzi za nguo, sumu iliyofichwa kwenye chai. Na kwa kuwa tangu utoto mimi ni mtu wa kuota mchana (mama alikuwa akinituma chumvi, nikifika dukani nasimama naangalia mawingu juu ya milima ya Same mpaka mwenye duka ananiuliza kama naumwa), somo hilo lilinimaliza kabisa. Nilijiona nimevaa koti jeupe, nimesimama mahakamani, hakimu ananiinamia kidogo na kusema, "Tumsikilize mtaalamu." Usiku na mchana nilikuwa naishi ndani ya koti hilo.

Basi nikaja likizo nikiwa na kichupa kidogo mfukoni, nilichopewa na rafiki yangu wa maabara. Ndani yake kulikuwa na unga wa ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo, ila huu ulikuwa mkavu, haujachanganywa na kitu. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba ukipakwa kidogo sana juu ya kitu hauonekani, lakini mtu akishika na vidole vikapata maji au jasho, vinageuka zambarau, na haitoki leo wala kesho. Nilikitazama kichupa kile kama mtu anayetazama pete ya uchumba.

Nyumbani nilikuta hali si nzuri. Dada yangu Rehema alikuwa anaposwa na Danieli, kijana wa Sigino, na mama alikuwa ameweka stoo ndoo ya asali safi kwa ajili ya wageni. Sasa asali ilikuwa inapungua. Kila jioni mama akifunua anakuta imeshuka, na badala ya kuuliza watu wote aliamua moyoni kwamba anayekula ni wifi yake, yaani shangazi yangu Naelijwa, dada yake baba, mjane aliyekuwa anaishi nasi. Hakumtamkia. Alianza tu kufunga mlango wa stoo kwa kishindo shangazi akiwa karibu, akawa anasema peke yake, "Wengine kula hawashibi." Shangazi alisikia. Siku moja nikamkuta anakunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye begi.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Posa ikipita nitarudi Same, mwanangu. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu."

Nilimpenda sana shangazi yule. Ndiye aliyekuwa akinifungulia mlango nikichelewa kwa ajili ya mawingu yangu. Nikaona sasa hapa ndipo sayansi inapoitwa. (Ningeweza kumwambia mama, "Mama, uliza watu kwa upole." Hapana. Mtaalamu haulizi.)

Asubuhi ya siku ya posa, watu wote wakiwa wanahangaika na masufuria, niliingia stoo, nikapaka unga kidogo kwenye mfuniko wa ndoo na kwenye mshikio, nikapuliza uliozidi, nikatoka. Sikumwambia mtu. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza, kutomwambia mtu, kwa sababu nilijua mama haigusi ndoo mpaka wageni wafike, na wageni walitarajiwa saa nane, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kurudi, kuangalia mikono ya watu, kumkamata mwizi kimyakimya na kufuta ndoo.

Mama akanituma kwenda Ziwa Babati kuchukua samaki kwa mvuvi aliyezoeleka. Nilikwenda vizuri tu. Lakini ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kama maziwa ndani ya bakuli, kiboko mmoja anatoa pua anairudisha, anatoa anairudisha, na ukungu mwembamba ulikuwa bado umelala upande wa pili, basi nikakaa kwenye nyasi nikiwa na samaki wangu, nikaanza kuota. Nilimwona mama akimwomba shangazi msamaha. Nilimwona hakimu. Nikaona hata picha yangu kwenye gazeti, ingawa picha ile ilikuwa na nywele nzuri kuliko zangu. Niliposhtuka, kivuli changu kilikuwa kimehama na samaki walikuwa wameanza kuvutia nzi.

Nafika nyumbani, wageni wamekaa sebuleni! Walikuwa wamepata lifti ya gari la mtu wa kwao wakawahi.

Nikachungulia kwa mlango wa jikoni. Juu ya meza niliona mabakuli ya asali. Mama alikuwa ameinua ndoo mwenyewe, amemimina, halafu (mama yangu ni mtu wa heshima) akaenda kumsalimia kila mgeni kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, akimshika na kumtikisa na kumwuliza habari za mifugo.

Kabla sijafungua mdomo, shangazi akatokea na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Akaanza na mkubwa wao, Mzee Margwe, baba yake Danieli, mzee mrefu wa Kigorowa aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Shangazi akamimina maji. Maji yakaingia mikononi mwa mzee yakiwa maji, yakatoka yakiwa zambarau.

Sijawahi kuona rangi nzuri kama ile, na namwomba Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Ilishuka polepole kati ya vidole vyake, ikaingia kwenye beseni ikajikunja kama moshi, na sote tulikuwa tunaangalia tu kama watu walioko ndotoni. Mzee akasugua. Ikazidi. Akajifuta kwenye shati. Shati likaisha.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mama akakimbilia taulo, akamfuta, akajiona mikono yake mwenyewe, akajishika paji la uso kwa mshtuko, na paji likapata vidole vitano. Wageni wengine wakajitazama viganja. Waliokuwa na jasho walikuwa tayari zambarau, wasiokuwa na jasho wakanawa haraka ili wawe salama, wakawa zambarau zaidi. Mchungaji aliyekuja nao aliomba taulo, akafuta shingo, sitaki hata kueleza kola yake.

Ndipo mama mdogo wake Danieli akasimama na kumnyooshea shangazi kidole (cha zambarau).

"Nani kaleta haya maji? Huyu mama katuwekea nini kwenye maji? Sisi tunaondoka!"

Shangazi alibaki ameshika jagi. Akamtazama mama. Na mama, nawaambieni ukweli, mama akamtazama shangazi kwa yale macho ya stoo.

Mzee Margwe alikuwa ameanza kuinuka. Nilimwona Rehema amesimama nyuma ya pazia la chumbani, mkono mdomoni, posa yake inatoka mlangoni kwa miguu. Nikaingia sebuleni na samaki wangu mkononi.

"Ni mimi," nikasema. "Si maji. Ni dawa ya vidonda vya mdomo."

Nikaonyesha mlango wa stoo kwa samaki.

"Nilipaka kwenye ndoo ya asali. Nilikuwa namtafuta mwizi. Shangazi hajui kitu."

Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye samaki.

"Wewe ndiye binti unayesoma chuo kikuu?"

"Ndiyo baba. Shikamoo." (Salamu nilikuwa nimeisahau, nikaikumbuka wakati mbaya.)

"Marahaba. Wanakufundisha kukamata wezi?"

"Ndiyo baba."

"Na umemkamata?"

Kabla sijajibu, mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Danieli na kreti la soda begani. Alikuwa ametangulia kuja nazo tangu asubuhi kwa baiskeli, akabaki huko uani akisaidia. Alikuwa anatabasamu, hajui lolote. Na kwenye shavu lake la kushoto, lililojaa jasho, kulikuwa na alama tatu za vidole, nyembamba, za zambarau, wazi kiasi kwamba mimi mjinga nilijikuta nimesogea kuzisoma mistari, nikaona mzunguko mzuri kabisa kwenye cha katikati, nikafurahi.

Watu wote wakageuka kutazama pazia. Rehema akaficha mikono nyuma, lakini tayari tulikuwa tumeiona.

"Baba," nikamwambia mzee, "nadhani nimekamata wawili."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa bibi yake Danieli, kikongwe aliyekuwa kimya kwenye kochi tangu walipofika. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu akapiga goti lake kwa kiganja cha zambarau. "Kumbe ameshamshika!" akasema. "Sisi tumekuja kuomba nini tena?" Mzee akajikaza, akajikaza, akakaa chini. Baba yangu, ambaye si mtu wa maneno, akatoka nje kwenda kuchekea kwenye migomba.

Rehema akasema mwenyewe, huku analia na kucheka. Danieli alikuwa anapita kila jioni kwa baiskeli akitoka Sigino, amechoka, na yeye Rehema alikuwa akimpelekea asali kidogo kwenye kisosi, pale nyuma ya choo cha zamani, na hata asubuhi ile ya posa alikuwa amempelekea.

Mama aliweka taulo chini. Akaenda mpaka aliposimama shangazi, akamtoa jagi mkononi.

"Wifi, nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Ungeniuliza tu, Mama Rehema," shangazi akasema. "Nisingekasirika."

Wakashikana, na shangazi naye akawa zambarau mpaka viwikoni. Posa ikapokelewa. Begi halikwenda Same.

Lakini msidhani yaliishia hapo. Tulijaribu ndimu, tukajaribu sabuni ya unga, tukajaribu mafuta ya taa, na mimi kwa utaalamu wangu nikaleta spiriti, ambayo iliichukua rangi kutoka viganjani ikaisambaza mpaka mikono yote. Jumapili kanisani, mchungaji alipoinua mikono kutubariki, nusu ya waumini walizama kwenye vitabu vya nyimbo. Wiki nzima mji ulijua nani alikuwepo kwenye posa ya Rehema na nani hakualikwa.

Nilirudi chuoni kucha zikiwa bado na rangi. Siku ya kwanza mwalimu akatuuliza nani anaweza kutoa mfano wa ushahidi ulioharibiwa na mchunguzi mwenyewe. Mimi nikaikalia mikono yangu, nikaangalia dirishani, na kwa mara ya kwanza sikuona koti wala hakimu, niliona tu macho ya shangazi na lile jagi.

Nilimaliza masomo, na kazi hiyo naifanya mpaka leo, kwa glavu. Lakini nyumbani kwangu niliapa. Kikipotea kitu, naita watu wote mezani, naketi, nauliza kwa mdomo wangu: jamani, nani kala? Wakininyamazia, basi, nanunua kingine.