Shairi la Safura na Chuma cha Motoni

Saa kumi alasiri, siku ya Alkhamisi, na jua la Maskati bado linauma kama lililotukanwa. Nje ya lango la mji, katika nyumba ya makuti ya mtende, Bi Muhsina binti Marhoon amekamata kiganja cha mwanamke mwenye mimba, anakigeuzageuza kama anayechagua samaki.

"Fumba. Fumbua. Haya, wekundu unarudi," anasema. "Mwezi uliopita kilikuwa cheupe kama cha mtu aliyekanda unga akasahau kunawa."

Wanawake waliokaa mkekani wanacheka. Kheiria, mwenye kiganja, anawashinda wote kwa kicheko, maana yeye ndiye anayejua alikoponea.

Bi Muhsina ni mkunga. Kazi aliisomea hospitali Unguja, akaifanya mpaka mwaka 1964 ulipomtoa huko na kanga mbili na mkasi wa kukatia vitovu. Sasa ni 1969, na hapa hana mshahara. Humzalisha anayemwita, na ujira wake ni tende, kuku, au dua.

"Dua ndiyo nnayolipwa zaidi," anasema. "Peponi nna akiba. Jikoni ndiko hamna kitu."

Kila Alkhamisi huwakusanya wanawake waliotoka Unguja kama yeye. Nusu ya baraza ni somo la uzazi na maradhi, nusu ni mashairi. Kila somo hulitungia ubeti, kwani somo tupu, anasema, huingia sikio hili likatokea la pili, lakini ubeti hukwama njiani. Nao wenziwe hawaumezi hivi hivi. Huuimba, wakauchambua, wakautia kasoro.

Mwezi uliopita somo lilikuwa safura, ule upungufu wa damu unaompausha mtu na kumtia kizunguzungu. Ubeti wake ndio huu:

*Kiganja chako cheupe, usidhani ni uzuri,*
*Safura hapigi hodi, huingia kwa usiri,*
*Kula ini, kula mboga, na dawa usighairi,*
*Damu yako ya wawili, mama usiihasiri.*

"Vina vya kati huna," alisema Aliya, mkali wa mashairi kuliko wote. "Mwisho umefunga, katikati pako wazi."

"Katikati ndipo anapopita mtoto," akajibu Bi Muhsina. "Paache wazi."

Kheiria akaenda na ubeti wake kwao. Mumewe, Aflah, yuko Kuweti kutafuta riziki, na yeye anakaa na mkwewe, Bi Hind, mzaliwa wa Maskati ambaye Kiswahili chake kinaanzia "karibu" na kuishia "chai". Kheiria akawa anafagia huku akiimba, akishika ukuta kila kichwa kikimzunguka.

Bi Hind akadaka neno moja tu: safura. Katika Kiarabu chake, neno jirani na hilo, *sufar*, ni maradhi ya manjano. Na dawa ya kizee ya manjano ni chuma kinachotiwa motoni mpaka kiive, kisha mgonjwa akachomwa nacho.

Bi Hind si mkwe mbaya. Binti yake wa kumzaa alikufa na manjano akiwa na mimba, na mama mtu aliapa kwamba safari hii hachelewi. Asubuhi yake akamwita ajuza mchomaji.

Aliya alimwona ajuza akiingia, akakimbilia kwa Bi Muhsina. Bi Muhsina akatoka mbio na viatu viwili, kimoja chake, kimoja cha jirani. Alikuta makaa yamekolea na Kheiria amekaa mgongo wazi.

"Mbona husemi, mwanangu?"

"Naona haya, bibi," akanong'ona Kheiria. "Mama mkwe analia."

Bi Muhsina akakusanya Kiarabu chake, ambacho mwenyewe anasema ni cha msahafu na cha sokoni, na hapa katikati hamna kitu. Akamwambia Bi Hind, "Hana manjano huyu. Damu yake ndogo. Anataka chuma."

Uso wa Bi Hind ukanawiri. "Alhamdulillahi," akasema, akaonyesha makaa. "Chuma tayari."

"Nilitaka kucheka, nikataka kulia," anakumbuka Bi Muhsina, "nikashindwa kuchagua."

Akakaa chini baina ya Kheiria na moto. Akavuta kiganja cha Bi Hind, akakilaza ubavuni mwa cha Kheiria: kimoja chekundu, kimoja kama karatasi. Kisha akashusha ukope wa Kheiria. "Tazama jicho, dada yangu. Manjano yako wapi?"

Bi Hind akatazama, akatazama tena. Alichukua kata ya maji, akayamwagia makaa mwenyewe. Ajuza naye hakuudhika. Alikunywa kahawa yake, akaomba ya pili.

Kesho yake Bi Hind ndiye aliyempeleka Kheiria kwa daktari, mji jirani wa Matrah. Walirudi na vidonge, na alipoambiwa vimetengenezwa kwa chuma, alidhani anafanyiwa mzaha. Tangu hapo kila asubuhi humsimamia mkwewe mpaka akimeze kidonge, kisha humwambia afumbue kinywa.

Kwa jambo hili Bi Muhsina hatanii. "Neno langu mwenyewe lingemuunguza," anasema. "Nilitunga kwa masikio ya Unguja. Nikasahau tunaishi na watu."

Leo Bi Hind yumo mkekani, kwenye nafasi aliyoichagua, ubavuni mwa mkunga. Ubeti mpya haufundishwi mpaka yeye ausikie na aseme kila neno linamfikaje. Wiki iliyopita alikataa maneno mawili. Aliya anasema wamepata mkosoaji asiyejua lugha, na ndiye bora wao.

Kheiria anatarajiwa kujifungua Shaabani. Bi Muhsina ameshapanga nani atakaa wapi: yeye chini, Bi Hind kichwani, amshike Kheiria mikono.

"Na mtoto akishaadhiniwa sikioni," anasema, "nataka wa mwanzo kusema naye awe bibi yake, kwa Kiarabu chake. Mimi ntangoja zamu. Nna mashairi ya kumsomea mpaka aote meno."